Uzi: St Paul's ya London, kuba tatu, mnyororo mmoja na kifusi ndani ya nguzo

#1 Timazi

Wakuu, kila likitajwa kanisa kuu la St Paul's watu hubandika picha ya kuba na kuishia kusema "watu wa zamani walijua kujenga". Walijua, ila kuba hiyo ya kwenye picha haibebi chochote zaidi ya ngozi yake ya risasi (madini laini ya kuezekea, si ya bunduki). Na ile ghorofa ya juu ya kuta za pembeni, yenye vidaka pale ungetegemea madirisha, nyuma yake hakuna chumba. Ni ukuta umesimama peke yake, mbele hewa na nyuma hewa. Tulifumue jengo hili tuone kipi kinabeba nini.

Tarehe kwanza tumalizane nazo. Kanisa la zamani, la Kigothi (mtindo wa Ulaya wa zama za kati), liliungua katika moto mkubwa wa Septemba 1666. Mbunifu Christopher Wren akapewa kazi. Jiwe la kwanza liliwekwa 21 Juni 1675, ibada ya kwanza ikafanyika 2 Desemba 1697 kuba ikiwa bado, jiwe la mwisho la kileleni likapandishwa 1708, na kazi ikatangazwa kukamilika Desemba 1711. Miaka 36 chini ya mbunifu mmoja, na akaiona imekwisha. Msalaba wa juu uko mita 111 kutoka chini, yaani futi 365.

Sasa zile kuta. Dari ya ukumbi mrefu ni mfululizo wa kuba bapa za matofali, kama visahani vilivyopinduliwa. Kadiri kuba inavyokuwa bapa ndivyo inavyosukuma kuta kwa nje, na msukumo huo lazima upate wa kuupokea. Wajenzi wa Kigothi waliupokea kwa matao ya kuegemea yanayoruka juu ya paa la pembeni, na Wren alitumia matao hayohayo. Ila kwenye jengo lenye sura ya Kirumi aliona haya kuyaonyesha, akainua ukuta wa nje mpaka yakajificha nyuma yake. Ukuta huo una faida ya pili: uzito wake unaukandamiza ukuta wa chini, na ukuta uliokandamizwa haupinduki kirahisi. Wapo waliomwita Wren mwongo kwa jambo hili. Kwangu ni uongo wa mtu aliyepiga pasi shati na kuficha kiraka.

#2 Mgeni Njoo

Wanasema St Paul's ni Baroque, ule mtindo wa ujenzi wa Ulaya wa karne ya 17 na 18. Kweli? Ninayoijua ya Roma na ya Bavaria ina dhahabu kila kona, malaika wanaelea, kuta zinajikunja kama nguo kwenye kamba. Hii mbona kavu?

#3 Bikari

Mkuu, ni Baroque iliyofungwa vifungo vyote. Tazama minara miwili ya mbele, iliyobuniwa mwishoni kabisa mwa ujenzi: nguzo zinatoka na kurudi ndani, umbo lote linazunguka, ni mkono wa Borromini, mbunifu wa Roma, huo. Jengo lina umbo la msalaba; tazama ncha za mikono yake, kaskazini na kusini. Zile baraza za nusu duara zinafuata ya mbunifu Pietro da Cortona pale kanisa la Santa Maria della Pace, Roma. Wren hakuwahi kufika Roma. Alikaa Paris 1665 hadi 1666, akakutana na Bernini, mbunifu mkubwa wa Roma, aliyemwonyesha michoro ya kasri la Louvre kwa dakika chache tu. Mengine aliyapata kwenye michoro iliyochapwa.

Ukavu una sababu. Hili ni kanisa la Kianglikana, la watu wa kusikiliza mahubiri, na mapambo mengi mno yangenuka Uroma, yaani Ukatoliki, puani mwa wakubwa wa wakati ule. Zaidi ya hapo, mpango aliokuwa nao moyoni ulikataliwa. Mwaka 1673 hadi 1674 alitengenezewa mfano wa mbao za mwaloni, mrefu zaidi ya mita 6, uliogharimu takriban pauni 600. Bado upo, umehifadhiwa juu ndani ya kanisa lenyewe. Makasisi waliukataa kwa hoja ambazo si za kipuuzi. Haukuwa na ukumbi mrefu wa maandamano. Pia haukuweza kujengwa kwa awamu: ama ukamilike wote au usitumike kabisa. Kwa mradi unaoishi kwa fedha za kodi, hoja ya pili ina uzito.

Wren akarudi na mpango mwingine: ukumbi mrefu, kuba ndogo, na juu yake mnara wa vibanda vilivyopandana kama uyoga juu ya uyoga. Mfalme Charles II aliuidhinisha Mei 1675, na akampa ruhusa ya kubadili mambo ya urembo kadiri kazi inavyoendelea. Ruhusa ile Wren aliivuta kama mpira. Kuta za juu anazozisema Timazi, kuba ya sasa, minara ya mbele, vyote havimo kwenye mchoro uliopata kibali. Na tangu mfano wake ukataliwe hakuonyesha tena mipango yake hadharani.

#4 Mwashi wa Chokaa

Mmeruka kubomoa, na nusu ya shida za jengo hili zinaanzia pale.

Magofu ya kanisa la zamani yalikuwa na kuta nene na nguzo za mnara wa kati zenye urefu wa kutisha. Nyundo na sururu zingechukua miaka. Wren akatumia baruti: shimo likachimbwa hadi chini ya nguzo moja ya mnara, kikawekwa kisanduku chenye ratili 18 tu za baruti, takriban kilo 8, kisha shimo likazibwa kwa mawe na chokaa. Ilipolipuka, zaidi ya tani 3,000 za mawe ziliinuka kidogo na kuporomoka palepale, bila kurushwa mbali. Baruti kidogo iliyofungiwa vizuri inafanya kazi kuliko nyingi iliyoachwa wazi.

Mara ya pili msaidizi wake alizidisha baruti, hakuchimba kina cha kutosha, na hakuziba sawasawa. Jiwe likaruka likaingia kwenye nyumba ya jirani kupitia dirishani. Baruti ikapigwa marufuku. Wren akarudi kwenye gogo la kubomolea: mlingoti wa futi 40, ncha yenye chuma, umening'inizwa, wanaume 30 wanaupigisha mahali pamoja siku nzima. Siku ya kwanza hakuna kilichoonekana, ya pili ukuta ukaanguka. Mapigo yanayorudiwa mahali pamoja yanaulegeza ukuta kwa ndani kabla nje hakijaonekana kitu.

Sasa kumbukeni: yale mawe hayakutupwa. Mengi yaliingia ndani ya misingi na nguzo za kanisa jipya. Nitarudi hapo.

Kuhusu ardhi. Kanisa liko juu ya kilima. Chini yake kuna tabaka la udongo wa mfinyanzi, mgumu, unene wa futi 6 hivi upande wa kaskazini, lakini kusini mteremko unapoanza unapungua hadi futi 4. Chini ya hapo mchanga na changarawe zenye maji, na chini zaidi ndiyo mfinyanzi mzito wa London. Wren aliamua kusimama juu ya lile tabaka la juu. Uamuzi wa mtu asiye na bajeti ya kuchimba mita 12 chini ya jengo zima.

Pembe ya kaskazini mashariki ilimkamata. Misingi ilipofika pale wakakuta tabaka limekatika: wafinyanzi wa zama za Warumi walishauchimba udongo wote wakatengenezea vyungu. Badala ya kusogeza jengo, alichimba shimo la futi 18 kwa 18, akazuia mchanga kwa mbao, akashuka futi 40 hivi mpaka mfinyanzi mzito. Akajenga nguzo ya mawe ya futi 10 kwa 10 kutoka kule chini, na ilipobaki futi 15 kufika usawa wa ardhi akarusha tao la chini kwa chini kuiunganisha na msingi uliokwishajengwa. Hiyo pembe moja ndiyo yenye mguu mrefu.

#5 Mgeni Njoo

Asante Mwashi. Turudi kwenye kuba. Kama ya nje haibebi, kile kijumba cha mawe kileleni kimekaa juu ya nini?

#6 Timazi

Kimekaa juu ya kitu ambacho mpita njia hakioni kabisa. Kuba ni tatu, moja ndani ya nyingine.

Ya ndani kabisa ndiyo unayoiona ukisimama chini na kuinua shingo. Ni ya matofali, unene wa inchi 18, na kila futi 5 za kupanda kuna mstari wa matofali marefu ya inchi 18 yanayopita unene wote kuifunga. Kipenyo chake ni mita 31. Imeachwa wazi katikati ili mwanga ushuke kutoka juu. Ilijengwa juu ya kalibu ya mbao iliyoegemea ukuta wa mduara uleule, bila mguu hata mmoja kushuka sakafuni. Piga hesabu ya miti ambayo ingehitajika kupanda mita 60 kutoka chini, utaelewa kwa nini.

Ya katikati si kuba hasa. Ni koni ya matofali, umbo la kawa, nayo unene wake ni inchi 18. Hii ndiyo mbeba mzigo. Kijumba cha kileleni kina takriban tani 850 na zote zinashuka kwenye kawa hili.

Ya nje ni mifupa ya mbao iliyoegemezwa kwenye koni, ikafunikwa risasi. Kazi yake ni kuonekana kutoka mbali. Ukiifanya kuba moja tu, ama itapendeza nje na ndani iwe kama unachungulia kisima kilichopinduliwa, ama itapendeza ndani na nje ionekane imezama nyuma ya paa.

Kwa nini koni? Fanyeni jaribio la mezani. Chukua mkufu mwepesi, shika ncha mbili, uache uning'inie. Unatoa mkunjo laini. Sasa ning'iniza kufuli zito katikati. Mkunjo unapotea, pande mbili zinanyooka karibu kama mistari. Geuza picha hiyo juu chini: kufuli ni kijumba cha tani 850, mistari miwili ni koni. Robert Hooke, mwanasayansi, rafiki na mshirika wa Wren, ndiye aliyeiweka kanuni hii kwa maneno: jinsi kinavyoning'inia chenye kulegea, ndivyo kitakavyosimama kigumu kikigeuzwa. Kwa hiyo matofali ya koni yanabanwa tu, hayavutwi, na tofali ni jabari wa kubanwa ila ni mnyonge wa kuvutwa.

Tatizo linahamia chini ya koni, maana pale miguu yake inataka kutanuka. Hapo ndipo Wren alipozungusha mnyororo mkubwa wa chuma uliofuliwa na Jean Tijou, fundi Mfaransa aliyetengeneza pia malango ya chuma ya upande wa kwaya. Mfereji ulichongwa kwenye mawe, mnyororo ukalazwa ndani, risasi iliyoyeyushwa ikamiminwa kuujaza. Risasi inashikilia, na inazuia maji yasifike kwenye chuma. Chuma kikishika kutu kinavimba mara kadhaa ya unene wake wa awali, na hakuna jiwe linalovumilia kuvimbiwa kutoka ndani.

Kuna ujanja mwingine. Ukuta wa mduara unaobeba kuba umeelemea ndani ukiupima kwa timazi, ili msukumo wa juu ushuke ndani ya unene wa ukuta. Macho hayagundui. Na kwa nje, ule mzunguko wa nguzo 32: hesabu nafasi kati ya nguzo na nguzo, kila ya nne imezibwa kwa mawe yenye kidaka. Watu hudhani ni urembo. Ni kuta nane za kuegemeza.

#7 Hesabu Kichwani

Safi sana. Kwa hiyo Wren alitumia mlinganyo wa mnyororo uninginiao kukokotoa kuba.

#8 Timazi

Hapana, hapo watu wengi hukosea. Mlinganyo sahihi wa mkunjo wa mnyororo ulipatikana 1691, na ni kazi ya Leibniz, Huygens na Johann Bernoulli. Hooke alikuwa na wazo bila mlinganyo. Walichotumia ni makadirio: kuna mchoro wa Wren wa kuba hii wenye mkunjo wa y sawa na x kwa kipeo cha 3, yaani x mara x mara x, ambao Hooke aliuamini kuwa unafaa kwa kuba. Si sahihi kabisa kihisabati, ila si mbali na ukweli. Na kama nilivyosema, mzigo wa kileleni unabadilisha kila kitu: mnyororo mtupu na mnyororo wenye kufuli si kitu kimoja.

#9 Mwashi wa Chokaa

Narudi kwenye nguzo kama nilivyoahidi, maana uzuri wote huo wa juu, tani 65,000 hivi, unaishia kwenye nguzo nane, na nguzo hizo ndizo sehemu dhaifu ya jengo.

Kwa nje utaona jiwe la Portland, jiwe la chokaa kutoka kisiwa cha Portland, limechongwa kwa unadhifu, viungo vyembamba kama uzi. Ndani ni kifusi: mawe ya kila saizi, mengi kutoka kanisa lililobomolewa, yamemwagiwa chokaa na mchanga. Mtu wa pwani yetu ataelewa haraka. Ukuta wa nyumba ya Mji Mkongwe Zanzibar ni mawe ya matumbawe na chokaa toka nje hadi ndani, nyenzo moja, kwa hiyo ukishuka unashuka wote pamoja. Hii ya London ina nyenzo mbili zenye tabia tofauti ndani ya nguzo moja.

Chokaa katikati ya nguzo nene hukauka polepole mno, kwa sababu inahitaji hewa ili igande na hewa haifiki. Inapoendelea kukauka na kubanwa, kiini kinasinyaa na kushuka. Ganda la nje, lenye viungo vyembamba, halishuki. Mzigo unakimbilia panapokaza, kwa hiyo ganda la unene mdogo linajikuta limebeba kazi ya nguzo nzima. Kisha kingo za mawe zinagusana, zinabanana, vipande vinaruka. Nyufa na vipande hivyo vilianza kuonekana ujenzi ukiwa unaendelea, na mafundi wa Wren walikata mawe yaliyopasuka wakaingiza mengine. Ongeza ile ardhi nyembamba ya upande wa kusini, na vibanio vya chuma vilivyoshika kutu ndani ya viungo, upate picha kamili.

Karne mbili baadaye hali ikawa mbaya kiasi kwamba eneo la chini ya kuba lilifungwa 1925, likafunguliwa 1930. Kazi kubwa mbili zilifanyika. Nguzo zilidungwa uji wa saruji kujaza mapengo ya kiini, na sehemu ya juu ikazungushiwa mnyororo mpya wa chuma cha pua kisichoshika kutu.

Kwa wanaofanya kazi za namna hii, kudunga si kumwaga tu. Unatoboa matundu kwa mpangilio wa kupishana, unasafisha vumbi kwa maji kwa sababu uji haushiki penye vumbi, unaziba nyufa za nje kwanza, halafu unaanza matundu ya chini kabisa. Uji ukitokea tundu la juu yake unaziba la chini na kupanda. Shinikizo liwe dogo. Ukitumia pampu kwa fujo unaweza kulipasua ganda ambalo ndilo pekee linaloshikilia nguzo saa hiyo. Leo wengi wangechagua uji wa chokaa kuliko saruji tupu, kwa kuwa saruji ni ngumu kuzidi jirani zake na huleta chumvi zinazotokeza juu ya jiwe. Lakini 1925 ilikuwa 1925, na nguzo zimesimama.

#10 Pimamaji

Niongeze kisa kinachoonyesha jambo la Mwashi likiachwa linafika wapi. Kanisa kuu la Noto, Sicilia, ni Baroque ya moja kwa moja, mji wote ulijengwa upya baada ya tetemeko la 11 Januari 1693, na uso wa kanisa ukakamilika 1776. Nguzo zake nazo zilikuwa ganda la jiwe zuri na ndani kifusi, tena kifusi chenye kokoto za mtoni. Kokoto ya mtoni ni ya mviringo, haing'atani na mwenzake, chokaa ikichoka inateleza tu.

Miaka ya 1950 paa la mbao liliondolewa likawekwa la zege. Mzigo ukaongezeka juu ya nguzo ambazo hakuna aliyeangalia ndani yake. Tetemeko la Desemba 1990 likapasua, lipu ikaficha mengi. Usiku wa 13 Machi 1996 nguzo za upande mmoja wa ukumbi zikaachia, paa na sehemu kubwa ya kuba vikashuka. Kanisa lilikuwa tupu, hakufa mtu. Lilifunguliwa tena 2007.

Dalili ya nguzo ya aina hii ni nyufa za wima, nyingi, fupi, katikati ya uso wa nguzo, si kwenye viungo. Gonga kwa nyundo ndogo usikilize: sauti ya debe maana yake ganda limeachana na kiini. Nguzo ikifika hapo haikupi miezi ya kujiandaa, maana hufa kwa kupasuka tumbo na si kwa kuinama polepole.

#11 Bikari

Mwashi, umesahau kasoro ya mchoro juu ya nguzo hizohizo. Wren alitaka matao manane yanayolingana kuzunguka kuba. Manne ya ukumbi na mikono yana upana mmoja, lakini manne ya kona yanapokea njia za pembeni ambazo ni nyembamba. Akaweka kwenye kona tao bapa la chini, na juu yake tao la nusu duara lililo pana kama yale mengine. Ukiangalia mstari wa juu yako manane sawa, ukishusha macho kidogo unaona viraka vinne. Wapo wanaosifia. Mimi naona ndiyo sehemu pekee ndani ya jengo ambapo hesabu ilimshinda akafunika.

#12 Mgeni Njoo

Na hela zilitoka wapi? Miaka 36 si mchezo.

#13 Hesabu Kichwani

Kodi ya makaa ya mawe yanayoingia bandari ya London. Jumla ilizidi pauni 700,000. Mwaka 1697 Bunge liliona kazi inachelewa, likazuia nusu ya mshahara wa Wren, ambao wote ulikuwa pauni 200 kwa mwaka, mpaka amalize. Alilipwa malimbikizo 1711. Kwa ucheleweshaji alikuwa na utetezi: 1696 maporomoko ya ardhi kisiwani Portland yaliharibu gati la kupakilia mawe, na mawe yote ya uso wa jengo yanatoka kule kwa meli.

Kichekesho ni kwamba makaa yaliyolipia kanisa ndiyo yaliyolichafua. Salfa ya moshi ikikutana na jiwe la chokaa inageuza uso wa jiwe kuwa jasi. Sehemu inayooshwa na mvua jiwe linaliwa taratibu na kubaki jeupe, sehemu iliyojificha inajenga gamba jeusi. Juu kwenye ukingo wa mawe kuna vizibo vya risasi vilivyowekwa vikiwa sawa na uso wa jiwe zaidi ya miaka 300 iliyopita. Leo vimechomoza, kwa kuwa jiwe limeliwa na risasi imebaki. Ni rula ya bure. Usafishaji mkubwa ulikamilika 2011 baada ya miaka 15 na pauni milioni 40 hivi. Ndani walipaka utomvu wa mpira ukutani, ukikauka unauvua kama ngozi na masizi yanatoka nao, kwa hiyo hakuna maji yanayoingia ndani ya jiwe na kufumua chumvi.

Ukingo huo wenyewe, kwa taarifa yenu, Wren aliupinga. Uliongezwa mwishoni mwa kazi naye hayuko tena kwenye usukani, akalalamika kwamba akina mama hawaoni kitu kizuri mpaka kiwe na tarizi ya pindo.

#14 Boriti

Mmesahau mbao, na mbao ndizo zilizokaribia kulimaliza kanisa.

Kwanza risasi juu ya mbao. Risasi hupanuka na joto na kunywea na baridi, kwa hiyo bamba likiwa kubwa mno au likipigiliwa kila upande linachanika baada ya miaka. Mabamba yawe madogo, yapishane, kingo zikunjwe bila kubanwa. Mwaloni nao una asidi inayotoka taratibu na kuila risasi kwa chini, hasa penye unyevu usio na hewa. Kwa hiyo nafasi kati ya koni na kuba ya nje lazima ipumue. Kabla ya kufunika walibishana hadi bungeni kama itumike shaba nyekundu au risasi. Risasi ikashinda.

Pili, moto. Usiku wa 29 Desemba 1940 ndege za Ujerumani zilimwaga mabomu ya moto juu ya London. Moja lilinasa kwenye risasi ya kuba ya nje na kuanza kuiyeyusha. Lingepenya, lingekuta mifupa mikavu ya mbao ya zaidi ya miaka 200, na nafasi iliyo kama bomba la moshi. Risasi ilipolainika bomu likadondokea nje, kwenye ubaraza wa mawe, likazimwa na walinzi wa kujitolea waliokuwa wakilala kanisani na ndoo za mchanga na pampu za mkono. Mabomu ya kulipuka yalifika pia: 10 Oktoba 1940 moja lilitoboa paa la upande wa kwaya likaharibu altare, na Aprili 1941 lingine likalipukia mkono wa kaskazini, sakafu ikashuka hadi kripta, yaani vyumba vya chini ya kanisa. Kabla ya hayo, Septemba 1940, bomu ambalo halikulipuka lilizama ardhini karibu na mnara wa kusini magharibi. Luteni Robert Davies na kikosi chake walilichimbua kwa siku 3, likapelekwa kulipuliwa Hackney Marshes. Tukumbuke misingi aliyoieleza Mwashi, kisha tufikirie mlipuko ule ungetokea palepale.

#15 Mgeni Njoo

Kuna ngazi ya kuzunguka inayoonekana inaelea. Hiyo nayo ina mnyororo?

#16 Timazi

Iko ndani ya mnara huohuo wa kusini magharibi, vidato 88, kazi ya mwashi William Kempster. Haina mnyororo wala haining'inii. Kila kidato kimeingia ukutani kina kidogo tu, na wengi hudhani ukuta ndio unaokibeba kama rafu. Kina kile hakitoshi. Kidato kimekalia ukingo wa kile cha chini yake, na ukuta unakizuia kisijipindue. Uzito unateremka kidato kwa kidato mpaka chini. Ndiyo sababu wakati wa kujenga au kutengeneza lazima uweke mihimili ya mbao chini ya vidato vyote. Ukitoa kimoja katikati bila mihimili, vya juu yake vinapoteza kiti.

#17 Hesabu Kichwani

Na ubaraza wa kunong'ona, pale chini ya kuba ya ndani, mita 30 kutoka sakafuni, ngazi 257? Watu husema ni kuba inayorudisha sauti.

#18 Bikari

Si kuba, ni ukuta. Mwanafizikia Lord Rayleigh alilichunguza papa hapa St Paul's: sauti inatambaa ukutani, inadunda kidogo kidogo ikifuata mzingo, ndiyo maana haipotei kama sauti inayotawanyika angani. Kwa hiyo unaweka mdomo karibu na ukuta na kunong'ona ukielekea kando, si kuvuka kwenda upande wa pili. Mnong'ono unasafiri vizuri kuliko sauti ya kawaida kwa sababu una sauti nyembamba nyingi, na nyembamba ndizo zinazoshikamana na ukuta.

#19 Mwashi wa Chokaa

Jambo moja la mwisho kwa upande wangu, kuhusu ardhi. Mwaka 1935 ilitungwa sheria ya kudhibiti uchimbaji karibu na kanisa. Si kwa ajili ya mandhari. Ukichimba ghorofa za chini jirani na kuvuta maji ya ardhini, mchanga ulio chini ya ule udongo wa futi 4 hadi 6 unaweza kuondoka na maji, na udongo unabaki kama maganda ya yai juu ya nafasi tupu. Hakuna uji wa saruji utakaosaidia nguzo hapo.

#20 Mgeni Njoo

Nimeelewa. Mtu akifika pale, ule ukuta wa uongo unaonekana wapi? Kutoka barabarani umejificha.

#21 Timazi

Panda ngazi 376 mpaka ubaraza wa nje wa mawe, chini ya kuba. Usitazame mto kwanza. Inama uangalie chini, upande wa ukumbi mrefu: utaona paa la ukumbi liko chini sana kuliko kingo za kuta, matao ya kuegemea yamejipanga kwenye mtaro kati ya paa na ukuta, na migongo ya vile vidaka haina urembo wowote.